Kiungulia cha Misumari

Majirani walimwita Bi Kinyaa, na hawakumwonea. Glasi aliyoiosha mwenyewe aliinusa kabla ya kuitia maji. Mlangoni kwake palikuwa na ndala za sebuleni, ndala za chooni na ndala za uani, na mgeni aliyezichanganya alifuatwa nyuma na kitambaa chenye dawa mpaka anapokaa. Mtu akipiga chafya mezani, yeye tayari ameshiba.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kuolewa na fundi sofa.

Karakana yao ilikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba. Kimoja kilijaa mbao, sponji na springi, hicho cha mume. Kingine kilikuwa na cherehani na meza ya kukatia, hicho cha mke. Mume anaunda, mke anashona kitambaa, mume anavalisha. Sofa mpya hazikuwa na neno. Shida ilikuwa zile kuukuu zilizoletwa zivalishwe upya. Mume akishachana kitambaa cha zamani, yaliyomo yalimwagika sakafuni: mifupa ya kuku, kucha zilizokatwa, pipi iliyoshikana na nywele, soksi ya mtoto yenye ukungu, na safari moja panya aliyekauka kama biskuti. Bi Kinyaa alisimama mlangoni, barakoa usoni na glavu za mpira mpaka viwikoni, akionyesha kwa kidole kipi kiende pipani. Maana yake vyote.

Mume wateja walimwita Misumari. Wakati wa kuvalisha alijaza mdomo misumari midogo, akaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, umelowa mate unang'aa, akaugonga kwenye mbao.

"Watu wanakalia mate yako," mkewe alimwambia.

"Mbona hawajalalamika?"

Alikuwa mtu mcheshi, mnene kiasi, asiyejua kununa. Bi Kinyaa alimpenda. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja, na kumtazama akila ni jingine.

Mambo yaliharibika ulipoanza mgongo. Kazi ya sofa ni ya kuinama kutwa, na Misumari alifika umri ambao akiinama hana hakika kama atainuka. Kwenye kibanda cha kona kulikuwa na muuzaji aliyekuwa na kopo la vidonge alivyoviita "vya mgongo". Vingine vyeupe, vingine vya manjano, vyote kopo moja. Misumari alimeza viwili asubuhi kwa chai ya rangi kabla ya kutia kitu chochote tumboni, na viwili vingine mgongo ukigoma mchana. Mgongo ukatulia. Tumbo likaanza.

Kwanza ilikuwa mbeuo. Yuko mezani anatafuna, ghafla anasimamisha taya, anaweka kiganja kifuani, machozi yanamlengalenga. Halafu unasikia kitu kikipanda kutoka mbali, kama hewa kwenye bomba lililokatika maji, na kikifika juu kinatoka kwa mlio mrefu wenye kona. Harufu yake ilikuwa ya maziwa yaliyochachia kwenye chupa iliyosahaulika juani. Nyakati nyingine mbeuo haukuja peke yake. Ulipanda na kitu, mashavu yakajaa kidogo, na Misumari akafumba macho akakirudisha.

Kule kukirudisha ndiko kulikommaliza mkewe.

"Umemeza nini?"

"Chakula changu."

"Ulishakimeza mara ya kwanza!"

"Kimeniunguza kikipanda, kimeniunguza kikishuka," alisema akijipangusa. "Kiungulia hiki kitanitoa roho."

Akaanza vidonge vya kutafuna, vile vikubwa vyeupe vyenye ladha ya mnanaa. Vilimtuliza kwa dakika chache tu baada ya kuvitafuna, na muda si mrefu moto unarudi, naye anatafuna tena. Alivitafuna kama karanga. Pembeni mwa midomo ulikauka utando mweupe uliopasuka akicheka. Masharubu yake yalikuwa na vumbi kama mtu aliyebusu ukuta uliopakwa chokaa jana. Mteja mmoja alikuja kuchukua kochi la mahameli ya buluu iliyokolea akakuta dole gumba jeupe kwenye kila mkono wa kiti. Bi Kinyaa aliyasugua madole yale akiwa amebana pumzi, na siku hiyohiyo akahamishia mto wake chumba cha cherehani.

"Unanihama?" mume aliuliza.

"Nakihama kinywa chako. Wewe mwenyewe sina tatizo na wewe."

Habari zikamfikia wifi yake, dada wa Misumari, msusi aliyekuwa akiongea kwa kasi ileile aliyosukia. Alikuja na mkoba, akatoa pakiti iliyosalia ya kapsuli za rangi mbili.

"Kaka, hizi ndizo dawa zenyewe. Mwaka jana mimi daktari alinipa, zikanitoa kaburini. Hizi ni za kupunguza asidi kabisa, si huo unga wa chaki unaoutafuna. Zilinibaki, nikasema nitazitunza."

Misumari alizipokea kama mwana aliyepewa urithi. Lakini alizitumia alivyozoea kutumia kila kitu. Akiungua anameza, asipoungua anasahau. Tena alisema kapsuli inamkwama kooni, basi akaifungua, akamimina punje zake kiganjani na kuzitafuna. Punje zilimganda kwenye meno ya mbele. Siku ya tatu akatangaza kwamba dawa ya dada yake haina nguvu.

Bi Kinyaa alikwenda duka la dawa. Hakwenda kwa huruma, tuseme ukweli. Alikwenda kwa sababu asubuhi hiyo mumewe alimbeulia kisogoni akiwa anatia uzi kwenye sindano.

Mfamasia alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, na alikuwa na tabia ya kuuliza kabla ya kuuza.

"Nipe kitu cha kuzuia mbeuo," Bi Kinyaa alisema.

"Wa nani, mama?"

"Wa mume wangu. Mimi sibeui."

"Ana dawa nyingine anazomeza?"

"Za mgongo."

"Zinaitwaje?"

"Zinaitwa za mgongo."

Mfamasia alivua miwani. Akamweleza kwamba tumbo hutengeneza asidi kali ya kusagia chakula, na asidi hiyo ingelila tumbo lenyewe kama si ute unaolipaka kwa ndani. Dawa nyingi za kutuliza maumivu, hasa zikimezwa ovyo kila siku, hupunguza ute huo. Tumbo likabaki uchi, asidi ikalichimba.

"Ute," alisema Bi Kinyaa. Neno lenyewe lilimtoka kwa shida.

"Ndiyo, mama. Mzito, unateleza."

"Kama wa konokono?"

"Si mbali sana."

"Analo hilo tumboni mwake?"

"Wewe pia unalo. Na mimi."

Bi Kinyaa alijishika tumbo, kisha akautoa mkono haraka kama aliyeshika kitu cha mtu mwingine. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo akidhani uchafu uko nje yake.

Akamtajia vile vidonge vyeupe, kapsuli za wifi na muda ambao mumewe ameungua, na mfamasia akaendelea. Vile vidonge vya kutafuna huipooza asidi iliyokwisha kumwagika, ndiyo maana vinafanya kazi upesi na upesi vinaisha. Kapsuli ni kazi tofauti: zenyewe huenda kufunga mabomba yanayoitoa asidi. Kwa hiyo zinataka kumezwa kama nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi, kabla mabomba hayajafunguka, na kila siku, si siku ya maumivu tu, maana huchukua siku kadhaa kushika sawasawa. Humezwa nzima. Punje zimevalishwa ngozi ili zipite salama kwenye asidi. Ukizitafuna, asidi inaziua kabla hazijafika kwenye kazi.

"Nifungie basi hizo kapsuli."

"Siwezi kumpa mtu nisiyemwona, mama, na mwenye dalili za muda mrefu namna hii. Zinaweza kumnyamazisha huku ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Anatakiwa aonane na daktari. Za mgongo aache leo. Na mkiona anatapika damu, au kitu kama machicha ya kahawa, au choo chake ni cheusi kama lami, msije hapa kwangu. Nendeni hospitali moja kwa moja."

"Choo?" Bi Kinyaa alirudi nyuma hatua. "Nani anaangalia choo?"

"Wewe, mama."

Alimshukuru kwa adabu akaenda zake, akiwa ameazimia kutoangalia chochote.

Nyumbani alimweleza mumewe yote isipokuwa hilo la mwisho. Misumari alisikiliza nusu. Kuhusu kapsuli alitii: akaanza kumeza nzima, asubuhi, kabla ya chai, na kweli baada ya siku chache kifua kikapoa, mibeuo ikapungua, mkewe akafikiria kurudisha mto wake. Kuhusu daktari alisema ataenda. Kuhusu dawa za mgongo alicheka.

"Nikiziacha, sofa utazijenga wewe?"

Kwa kuwa sasa haungui, aliziongeza. Kisha pakiti ya dada yake ikaisha, kama pakiti zote zinavyoisha, na za mgongo zikabaki.

Kiungulia kilirudi kwa kishindo. Baada ya hapo kikaja kitu kibaya zaidi: Misumari akaacha kula. Alikaa juu ya fremu za sofa ambazo hazijawekwa sponji, uso wake umepauka kama kitambaa cha bitana, akihema kwa kubeba rola moja la kitambaa. Mkewe aliona, akasema ni uzee. Chooni nako kulikuwa na harufu mpya. Bi Kinyaa alikuwa na ustadi wa kusafisha choo bila kukiona: kichwa kimegeuzwa ukutani, pumzi imebanwa, mkono wenye glavu unasugua peke yake kama si wa kwake. Alimwaga dawa mara mbili zaidi, akafungua dirisha, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku moja mchana maji yakakatika. Misumari alitoka chooni akasema atachota ndoo uani, akafika karakana akasahau. Bi Kinyaa akaingia.

Hapakuwa na pa kugeuzia macho. Kilikuwa cheusi, si kama mtu aliyekula mboga nyingi za majani, bali cheusi cha kung'aa, kizito, kimeganda ubavuni mwa bakuli kama lami waliyoipakua barabarani wakaondoka. Na harufu! Haikuwa ya choo ambayo kila mtu anaijua na kuivumilia. Ilikuwa ya bucha lililofungwa na nyama ndani, umeme umekatika, na chini yake kitu kitamu kilichooza. Ilimwingia mdomoni. Aliionja. Alitoka mbio akatapika kwenye sinki la jikoni, akatapika mpaka zikatoka nyongo chungu za njano, na alipokuwa ameinama pale, kamasi na machozi vimechanganyikana, ndipo maneno ya yule binti mwenye miwani yakamjia kama yalivyosemwa.

Akanawa uso. Akarudi chooni, akasimama juu ya kile kitu, akakitazama. Alikitazama vizuri, kama anavyotazama mshono uliofumuka, akihema kwa mdomo.

Misumari alikuwa anavalisha mgongo wa kochi, misumari mdomoni.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Mm?"

"Choo chako. Tangu lini ni cheusi?"

Misumari aliona aibu. Alizungumza kwa pembe ya mdomo. "Jamani, mke wangu. Hayo ni mazungumzo gani na mteja anakuja?"

"Tangu lini?"

"Siku kadhaa. Nilidhani ni chai ya rangi."

Akainuka ili aonyeshe kwamba yu mzima. Alipofika wima macho yake yalizunguka, rangi iliyobaki usoni ikamtoka yote, akayumba akashika kochi, na kochi likaja naye. Alianguka amekaa, mgongo kwenye gunia la sponji, na koo lake likaanza kupanda na kushuka. Bi Kinyaa aliujua mwendo ule. Alijua pia kilichokuwa mdomoni.

Hakukimbilia glavu. Alipiga magoti, akamshika taya kwa mkono mmoja na kuingiza vidole vya mkono wa pili ndani ya kinywa kile, kinywa chenye utando mweupe na mate ya uchachu, akazungusha chini ya ulimi, akapapasa kwenye mashavu laini yenye joto, akachota msumari, akachota mwingine, mate yakimtiririka mpaka kiwikoni. Ufizi ulikuwa unateleza. Alitaka kulia kwa kinyaa. Alipoutoa msumari wa mwisho, nyuma yake vikaja vingine vyote: tope la hudhurungi, punjepunje, kama machicha ya kahawa yaliyokaa siku kwenye kichujio, likamjaa viganjani na kumwagika gauni lote.

"Samahani," Misumari alisema kwa sauti ya mtoto.

"Nyamaza. Usimeze."

Mteja aliyekuwa anakuja ndiye aliyewapeleka hospitali kwa gari lake, madirisha yote manne yameshushwa.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Misumari alikuwa amelazwa kitandani, mpira wa maji umechomekwa mkononi.

"Choo kikoje, mzee?"

"Cha kawaida," alisema Misumari.

"Muongo!" Bi Kinyaa alisimama pale na gauni lake lililokauka na kuwa gumu. Akaeleza. Alieleza rangi, jinsi kilivyong'aa, kilivyoganda, na harufu yake, ile ya bucha na ile ya utamu ulio chini yake. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alisukuma sahani yake pembeni. Daktari aliita muuguzi, damu ikapimwa, damu nyingine ikatundikwa, na dawa ya kufunga asidi ikaingizwa moja kwa moja kwenye mshipa.

"Alikuwa anameza dawa gani?" daktari akauliza. "Nahitaji kuziona."

Kwa hiyo Bi Kinyaa akaenda kwenye kibanda cha kona. Muuzaji alilamba kidole gumba, akabandua karatasi moja ya gazeti, akaikunja koni, akachovya mkono kwenye kopo. Mkono uleule ulikuwa umetoka kukuna kwapa. Chini ya kopo palikuwa na unga wa vidonge vilivyovunjika na mguu mmoja wa mende.

"Hizi ni nini?" aliuliza Bi Kinyaa.

"Za mgongo, dada. Hata jino, hata goti."

"Nyeupe ni nini na njano ni nini?"

"Zote zinatuliza."

"Mume wangu amelazwa. Anatoa damu tumboni."

"Lo! Pole sana," alisema muuzaji, na alionekana kusikitika kweli. "Nikufungie mbili za kukutuliza na wewe?"

Bi Kinyaa aliichukua ile koni kwa ncha za vidole, kama mtu anayebeba mkia wa panya, na njia nzima mpaka hospitali aliishika mbali na mwili. Daktari alizimimina kwenye sahani ya chuma akazichambua. Nyeupe na njano zilikuwa dawa mbili tofauti za ukoo mmoja, mtu hatakiwi kuzimeza pamoja hata siku moja, na Misumari alikuwa akizimeza kila siku, tena tumbo tupu.

Kesho yake walimpulizia Misumari dawa ya ganzi kooni wakamshushia kamera tumboni. Baadaye daktari alimwita mkewe kwenye kioo cha kompyuta. Bi Kinyaa alitazama kwa jicho moja. Nyama nyekundu iliyolowa, inang'aa, ute umetanda. Na katikati shimo lenye kitako cheupe, kingo zimevimba, na doa jeusi mahali damu ilipokuwa ikitoka kabla hawajaiziba. Lilifanana na mahali mtu alipozima sigara kwenye kochi la ngozi.

"Tumepata na bakteria," daktari alisema. "Anaishi hapo tumboni."

"Kwenye hiyo asidi?"

"Anajificha ndani ya ute."

"Ute!" alisema Bi Kinyaa kwa uchungu, kama aliyetajiwa adui wa siku nyingi.

Wifi yake alifika saa ya kuona wagonjwa, akaanza kulia kutoka getini. "Ni mimi nilimpa zile kapsuli! Ni mimi!"

Daktari alimwambia kapsuli hazikumtoboa kaka yake. Vidonge vya mgongo na yule bakteria ndio waliofanya kazi hiyo. Lakini kapsuli zilimpa nafuu ya kumdanganya, akaona hana haja ya kupimwa. Wifi akatoa kwenye mkoba pakiti nyingine mbili alizowawekea majirani, akazikabidhi kwa muuguzi.

Misumari aliruhusiwa na mfuko wa dawa: za kumuua bakteria kwa wiki mbili bila kuruka, kapsuli za asidi nusu saa kabla ya kula, na vidonge vya madini ya chuma vya kurudisha damu. Kwa mgongo, paracetamol tu, kwa kipimo, na meza mpya ya kazi iliyoinuliwa ili asiiname. Vile vyeupe vya kutafuna visikaribiane na vidonge vya chuma, muuguzi alisisitiza, maana huvishika huko tumboni visiingie mwilini. Apishanishe kwa saa kadhaa.

Bi Kinyaa sasa aliangalia choo kila siku. Alisimama mlangoni mume akitoka, akisema "Usimwage maji," naye Misumari anapita ameinamisha kichwa kama mtuhumiwa. Siku chache hazijapita, akakuta tena cheusi. Akamkalisha mumewe, akapiga simu wodini, akiwa tayari ameshavaa viatu.

"Kinang'aa? Kinanata kama lami?" muuguzi aliuliza.

Bi Kinyaa alirudi kuangalia, simu sikioni. "Hapana. Kimekauka kidogo. Kina ukijani."

"Harufu ile?"

Akainama. Akavuta pumzi, yeye, kwa pua yake. "Siyo ile. Hii ni ya mavi tu."

"Ana kizunguzungu? Moyo unamwenda mbio?"

"Anakula. Ananicheka."

"Inaelekea ni vidonge vya chuma, hugeuza choo kuwa cheusi. Lakini usikae ukipima kwa pua nyumbani. Mlete leo tupime damu, tuwe na hakika."

Walikwenda. Damu ilikuwa imepanda. Bi Kinyaa alikaa kwenye benchi la hospitali akajifuta jasho, akafikiri kwamba kuna watu duniani wanaoishi mpaka wanakufa bila kuinamia choo cha mtu na kunusa, na hakujua kama awaonee wivu.

Dawa za bakteria zikaisha, baadaye kapsuli nazo zikaisha. Misumari alitaka aendelee nazo.

"Zinanipenda," alisema.

"Hata mimi nilikupenda, na nilihama chumba," mkewe alimjibu.

Yule mfamasia mwenye miwani aliwaambia kwamba wapo wanaohitaji kuzimeza muda mrefu, na daktari wao huwaeleza sababu. Lakini Misumari kidonda kimepona na hana sababu. Tena ili waweze kupima kama bakteria ameondoka, ni lazima akae wiki mbili bila kapsuli, la sivyo kipimo kinaweza kusema hayupo na kumbe yupo. Akamwonya kwamba siku za kwanza tumbo lililokuwa limefungwa mabomba litayafungua kwa fujo, ataungua kidogo, kisha litatulia. Akizidiwa, atafune kimoja au viwili vya vile vyeupe, si pakiti.

Aliungua. Mibeuo ilirudi mezani, mirefu, yenye uchachu wake wa zamani. Bi Kinyaa aliinua sahani yake akahamia ncha ya pili ya meza, akala akiwa ameangalia ukuta. Lakini alikula.

Muda wa kipimo ulipofika wakapewa kikopo chenye kijiko kwenye kifuniko. Misumari alikijaza, akakiweka juu ya sinki, akakataa kutoka nacho.

"Mimi ninayejulikana mtaa mzima, leo nipite nimebeba mavi yangu? Nikikutana na mteja?"

"Utamwambia ni gundi."

"Nenda wewe, mke wangu. Wewe hawatakushuku."

Bi Kinyaa alikifunga kikopo kwenye mfuko, mfuko kwenye mfuko mwingine, ule wa pili kwenye mkoba wake mzuri wa harusini kwa sababu ndio uliokuwa na zipu. Alipita barabara ya maduka ameubeba kwa mikono miwili. Kulikuwa na joto. Alihisi, au alidhani anahisi, uvuguvugu ukipenya kwenye ngozi ya mkoba. Rafiki yake wa kikundi cha akina mama alimsimamisha, akausifu mkoba, akataka kuushika. "Usiguse!" Bi Kinyaa alipiga kelele, watu wakageuka. Kwenye dirisha la maabara mpimaji alikipokea kwa mkono mmoja, chapati ya mayai ikiwa kwenye mkono wa pili, akakitikisa kidogo kwenye mwanga.

"Kinatosha," alisema, akauma chapati.

Bi Kinyaa alishika ukuta.

Majibu yalitoka: hayupo. Alirudi nyumbani, akautupa mkoba wa harusini kwenye pipa la nje, akasimama kwenye sinki la jikoni akisugua mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka vidole vikakunjamana. Misumari alikuja akasimama nyuma yake.

"Wamesemaje?"

"Ameondoka."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Misumari alifurahi, akamkumbatia kwa nyuma, kidevu begani kwake, kifua chote kimejaa pumzi ya kushukuru. Na pumzi ile, ilipofika kooni, ikatoka na mbeuo mdogo, safi, usio na uchachu wowote, shingoni mwa mkewe.

"Toka nje," alisema Bi Kinyaa.

Akatoka, akicheka, akabeba na kiti chake cha mezani akakalie uani.